Shikamoo kocha: Kilemba cha mwalimu kimeishia wapi?

JUMAPILI ya Novemba 5, 2023 ni siku ambayo shabiki wa Simba hataki kuikumbuka na shabiki wa Yanga hataki kuisahau. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga 5, Simba 1. Kariakoo haikulala. Jumanne, yaani siku mbili tu baadaye, Roberto Oliveira 'Robertinho' hakuwa tena kocha wa Wekundu wa Msimbazi.

Robertinho huyo ndiye aliyebeba Ngao ya Jamii Agosti ya mwaka huohuo, pale Mkwakwani, Tanga, kwa kuitoa Yanga hiyohiyo kwa penalti. Siku ile alikuwa baba. Miezi mitatu baadaye akafungashiwa virago.

Mwaka mmoja ukapita, ikawa zamu ya Jangwani. Miguel Gamondi aliipa Yanga ubingwa wa ligi na Kombe la FA msimu wa 2023/24, akaifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Novemba 2024 akafungwa mechi mbili mfululizo, moja na Azam na nyingine na Tabora United. Naye akaondoka.

Sisemi klabu hazina haki ya kubadili kocha. Mpira ni kazi, una mikataba, una pesa za watu na presha za watu. Ninachouliza ni kingine kabisa. Kati ya maelfu waliokuwa wanaimba jina la mtu huyu mwezi wa nane, nani alisema asante mwezi wa 11?

Swali hilo lilinijia nikiwa nimekaa kwenye chumba ambacho hakuna hata mpira mmoja.

VIATU MLANGONI

Ilikuwa jioni, kwenye darasa moja la karate katikati ya jiji, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo. Nje mambo ni yaleyale unayoyajua: mikokoteni, honi za bodaboda, kipaza sauti kinachorudia bei ya mashuka bila kuchoka. Ndani kimya. Viatu vimepangwa mlangoni kama msikitini.

Mtu wa kwanza niliyemuona alikuwa anafagia. Mwanaume mzima, ana mwili, mkanda mweusi kiunoni, anafagia sakafu. Nikadhani ndiye mtunza jengo. Kumbe ni mwanafunzi, tena wa siku nyingi, na ana duka lake mjini. Dukani kwake wapo vijana wa kufagia. Pale anafagia yeye, kwa sababu sakafu ile ndiyo iliyomfundisha.

Kisha wakapiga magoti kwa mstari, wakubwa wa mkanda upande mmoja, watoto wa mkanda mweupe upande mwingine. Mmoja akatoa sauti: "Sensei ni rei!" Wote wakainama mpaka vipaji vya uso vikakaribia sakafu.

Nilitegemea hilo, maana sote tumekulia kwenye filamu za Kichina na za Kijapani. Nisilolitegemea ni kwamba mwalimu naye aliinama. Hakuitikia kwa kutikisa kichwa kama bosi ofisini, aliinama kama wao. Baada ya hapo wanafunzi wakageukiana, wakainamiana wenyewe kwa wenyewe, ndipo wakaanza kupigana.

Mazoezi yalipoisha, jasho likiwachuruzika, wakarudi kwenye mstari uleule. Kuna aliyekuwa amepigwa teke la mbavu mpaka akakunja uso. Akamuinamia aliyempiga, akamshukuru kwa Kijapani.

Nikajaribu kupiga picha mechi ya dabi inayoishia hivyo. Ikanishinda.

NENO LENYEWE

Neno 'sensei' tumezoea kulitafsiri mwalimu, na siyo kosa. Lakini ukiligawa, maana yake ni aliyezaliwa mbele yako. Yaani kakutangulia, kapita njia kabla yako na anajua shimo liko wapi. Na 'rei', ile ya kuinama, ni heshima, na hiyohiyo ndiyo iliyomo ndani ya neno lao la shukrani. Kwao kuheshimu na kushukuru ni tendo moja.

Usiseme hayo ni mambo ya Wajapani. Sisi tuna shikamoo. Wajuzi wengi wa Kiswahili husema chimbuko lake ni 'nashika miguu yako'. Kila asubuhi mtoto wa Ilala anamuinamia mtu mzima kwa mdomo, na mtu mzima halali bila kuitikia marahaba. Na ni sisi, siyo wao, tulioamua kwamba baba wa taifa asiitwe jenerali wala mheshimiwa, aitwe Mwalimu.

Hata kwenye mpira wetu neno lipo. Sikiliza wachezaji wa Bongo wakihojiwa baada ya mechi: "Tumefuata maelekezo ya mwalimu." Ukocha ni cheo kwenye mkataba, ualimu ni kitu kingine. Tatizo ni kwamba tunamwita mwalimu tukishinda, tukifungwa anarudi kuwa kocha.

ILIFIKAJE BONGO

Karate ya Dar es Salaam haikuletwa na Mjapani peke yake. Miaka ya 1970 jiji hili lilikuwa kimbilio la wapigania uhuru na Wamarekani weusi waliokuja kuitafuta Afrika. Mmoja wao alikuwa Nantambu Camara Bomani, anayetajwa kama baba wa mtindo wa Goju-ryu hapa nchini. Mtindo huo ulizaliwa Okinawa, kisiwa cha kusini mwa Japani, chini ya Chojun Miyagi. Bomani aliufundisha mjini hapa, na jina la Zanaki likawa jina la karate kwa kizazi kizima cha vijana.

Wafuatilie waliopita mikononi mwake, wengine leo wana mvi na wametawanyika ughaibuni. Mpaka leo wanalitanguliza jina la mwalimu kabla ya majina yao. Huwezi kumuuliza mtu wa ukoo huo alikotokea asikutajie aliyemfundisha. Kwao, mtu asiyejua mwalimu wa mwalimu wake hajamaliza kujitambulisha.

Ng'ambo ya maji, Zanzibar, kuna hadithi ya Tsuyoshi Shimaoka, Mjapani aliyehamia visiwani miaka ya 1980 na baadaye akaanza kufundisha judo vijana wa huko. Hakuja kwa msimu mmoja akaondoka na posho yake. Alikaa, akaishi, akazeeka na mchezo wake pale.

Judo yetu nayo siyo ya kubeza. Andrew Thomas Mlugu ameiwakilisha Tanzania kwenye Olimpiki mbili, Rio 2016 na Paris 2024, kwenye uzani wa kilo 73. Taifa Stars yetu tunayoipigia kelele kila siku haijawahi kukanyaga Olimpiki hata mara moja. Mlugu anashuka kwenye mkeka, anainama, anapigana, anainama, anatoka. Ashinde au ashindwe, kuinama kuko palepale, maana ni sehemu ya kanuni za mchezo.

MWALIMU ALIYETUPWA CHINI

Judo ilianzishwa na mwalimu hasa, mwalimu wa shule. Jigoro Kano alifungua Kodokan jijini Tokyo mwaka 1882, akiwa na wanafunzi wachache, kwenye eneo la hekalu. Baadaye aliongoza chuo cha ualimu, na mwaka 1909 akawa Mwasia wa kwanza kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Kabla ya hapo Kano alikuwa mwanafunzi wa mzee Tsunetoshi Iikubo. Mzee alikuwa fundi wa kutupa watu. Miaka nenda rudi Kano akawa mtu wa kubamizwa sakafuni. Siku moja mambo yakageuka. Wakashikana mazoezini, Kano akamtupa mzee. Wakashikana tena, akamtupa tena. Mzee Iikubo akashangaa, akamuuliza imekuwaje. Kano akamueleza alichogundua: kwanza unamyumbisha mtu mpaka apoteze mizani, ndipo unamtupa.

Sasa hapa ndipo ungetarajia wivu. Wangapi kati yetu tumeona kocha akimweka benchi kijana kwa sababu kijana ameanza kumzidi ujanja? Iikubo alikubali kwamba kwa upande huo hana tena cha kumfundisha, akampa hati ya kuhitimu pamoja na vitabu vya mtindo wake. Mwalimu aliyetupwa chini ndiye aliyemfungulia mlango aliyemtupa.

Wajapani wana neno kwa jambo hilo, 'ongaeshi', kurudisha fadhila. Kwenye sumo, kijana akimbwaga mkubwa wake aliyemfundisha mieleka, watu hawasemi amemdhalilisha. Wanasema amerudisha fadhila, kwa sababu ushahidi pekee kwamba mwalimu alifundisha vizuri ni mwanafunzi kumpita.

Sisi tunasema shukrani ya punda ni mateke. Kwa wacheza sumo, teke lenyewe ndilo shukrani.

Hebu lilete Kariakoo hilo. Mchezaji akivuka kutoka Msimbazi kwenda Jangwani, au Jangwani kwenda Msimbazi, halafu akaifunga timu yake ya zamani, anaitwa nani? Msaliti. Jezi yake inachomwa, mama yake anatajwa mitandaoni. Kwa hesabu ya ongaeshi, bao lile ni hati ya kuhitimu iliyosainiwa na waliomfundisha kufunga. Sikuombi uishangilie timu pinzani, mtu wangu, siyo kwa kiasi hicho. Nasema tu kwamba aliyemkuza ana haki ya kutabasamu kidogo.

SAMURAI WALIPOFAGIA

Kama unadhani haya ni ya kwenye mkeka tu na hayawezi kuingia kwenye mpira, rudi Kombe la Dunia la Urusi, Julai 2018. Japani wanaongoza 2-0 dhidi ya Ubelgiji. Wanasawazishiwa. Dakika ya 94 Nacer Chadli anawaua kwa shambulizi la kushtukiza, 3-2, wametolewa. Hakuna namna ya kutoka mashindanoni inayouma kuliko ile.

Waliingia vyumbani, wakasafisha chumba chao mpaka kikang'aa, wakaacha karatasi yenye neno moja la Kirusi: asante.

Qatar 2022 wakarudia, safari hii baada ya kushinda. Waliipiga Ujerumani 2-1, wakaacha chumba safi, ndege wa karatasi waliokunjwa kwa mkono na shukrani zilizoandikwa kwa Kijapani na Kiarabu. Jukwaani mashabiki wao walikuwa wanaokota taka kwa mifuko ya rangi ya bluu. Walipotolewa na Croatia kwa penalti, kocha Hajime Moriyasu alikwenda mbele ya mashabiki, akainama. Na shirikisho lao halikumfukuza. Lilimwongezea mkataba.

Angalia mpangilio huo. Kocha anainamia mashabiki, wachezaji wanamshukuru mwenye chumba, shirikisho linamheshimu kocha. Ni ileile ya kwenye dojo: heshima inayokwenda na kurudi. Na ona kwamba hawakusubiri matokeo. Walifagia walipofungwa, wakafagia waliposhinda.

HESHIMA SIYO WOGA

Nisije nikaonekana nimelewa sifa za Wajapani. Heshima ikienda upande mmoja inageuka uonevu, na wao wenyewe limewakuta. Mwanzoni mwa 2013 ilifichuka kwamba wachezaji 15 wa kike wa ngazi ya juu wa judo walikuwa wamemlalamikia kocha wa timu ya taifa, Ryuji Sonoda, kwa kuwapiga na kuwatukana mazoezini. Kocha akajiuzulu. Taifa lililoivumbua judo likaona aibu.

Wanawake wale hawakuvunja heshima. Waliirudisha mahali pake. Mwalimu anayepokea kuinama bila yeye kuinama amesahau nusu ya somo.

Tunalijua hilo huku kwetu. Kuna makocha wa watoto wanaodhani fimbo ndiyo mbinu, na kuna wengine wenye madhambi mabaya zaidi ya fimbo. Mtoto akikaa kimya mbele ya mtu wa namna hiyo, usiite heshima. Huo ni woga, na mzazi anatakiwa kuuona mapema.

KILEMBA

Pwani hii ilikuwa na utaratibu wake. Kijana akimaliza kujifunza ufundi, au mtoto akihitimu chuo cha Kurani, mwalimu au fundi wake alipewa zawadi iliyoitwa kilemba. Haikuwa mshahara. Ilikuwa namna ya kusema mbele za watu: huyu ndiye aliyenifikisha hapa. Mtu akianza kazi bila kutoa kilemba, mji ulijua.

Kwenye mpira wetu kilemba kimebaki kile cha ukoka. Maneno matamu msimu ukianza, sifa za redioni, picha ya kumkumbatia kocha Instagram. Jua likiwaka majani yanakauka.

Angalau FIFA ina utaratibu. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi 23. Kinapendeza. Lakini kilemba hicho kinafuata makaratasi. Kinaitafuta klabu iliyokuwa na usajili. Kocha wa chandimu mwenye filimbi na mpira mmoja uliochubuka hana usajili, hana muhuri, hana akaunti ya klabu. Fuatilia wasifu wa nyota wetu yeyote, utaanzia klabu ya kwanza yenye leseni. Miaka mitano ya vumbi kabla ya hapo haina mstari.

Hata walio juu tunawasahau. Kila Mtanzania anayependa mpira anajua bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupa sare na Zambia na tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika 1980. Muulize anayekusimulia bao hilo: kocha alikuwa nani? Wengi watakuna kichwa. Alikuwa Joel Bendera, aliyefariki 2017. Miaka 39 ilipita ndipo Stars ikafuzu tena, na bado jina la aliyetupeleka mara ya kwanza linatupiga chenga.

NA MIMI PIA

Ni rahisi kuwaandika wengine. Siku ile nilipotoka kwenye darasa la karate nilitembea mpaka Gerezani nikiwa na aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa na miaka 11 tulikuwa tunacheza Kidongo Chekundu, kabla pale hapajajengwa JMK Park iliyofunguliwa 2015. Tulikuwa na mwalimu. Hakulipwa na mtu. Mchana alikuwa anauza soksi na vesti mtaa wa Kongo, jioni anatukusanya. Aliyekosa nauli alimpa, aliyetoroka shule hakumchezesha, hata kama ndiye straika wetu. Mimi nilikuwa winga wa kushoto nisiye na mguu wa kushoto. Ndiye wa kwanza kuniambia, bila kunivunja moyo, kwamba naona mpira vizuri kuliko ninavyoucheza, na kwamba labda kazi yangu iko pembeni ya chaki.

Nimeandika mamia ya habari za mpira tangu nimalize diploma. Sikuwahi kurudi kumwambia.

Wiki iliyopita nilikwenda. Bado yuko mtaa wa Kongo, barazani, soksi za shule zimening'inia juu ya kichwa chake. Amepungua, na mvi zimeshika. Nikamsalimia: "Shikamoo mwalimu." Akaniangalia muda, akacheka. "Marahaba. Mguu wa kushoto vipi?"

Tulikaa tukanywa kahawa. Akanitajia majina ya wenzangu mmoja mmoja. Yupo aliyefika Ligi Kuu, akavaa jezi ambayo nusu ya nchi inaijua. Nikamuuliza kama huwa anampigia simu. Akasema kijana ana mambo mengi. Hakusema kwa uchungu, na hilo ndilo lililoniuma. Akaongeza kwamba kila akimuona kwenye televisheni anautambua ule mguso wa kwanza, kwa sababu waliufanyia kazi mwaka mzima ukutani kwa jirani, na jirani akawafukuza.

Ongaeshi hiyo. Yule kijana amerudisha fadhila bila kujua. Kilichobaki ni kuinua simu.

Nilikuwa nimebeba mipira miwili mipya na bahasha ndogo. Mipira aliipokea kwa mikono miwili. Bahasha akairudisha nusu, akasema hizo nibaki nazo za nauli, kwa sababu ana watoto 30 kila Jumamosi asubuhi na hana refa.

Kwa hiyo kilemba chake nimekijua, na siyo cha ukoka. Jumamosi saa 1 kamili niko uwanjani na filimbi. Na wewe unayesoma hapa, uliyefundishwa kupiga danadana na mtu ambaye leo humjui anaishi wapi, anza kuuliza. Kariakoo siyo kubwa kiasi hicho.